Gadi wa Malukhu na Majina Yetu ya Bandia

Simu ilipigwa asubuhi, nikiwa nachagua mawe kwenye mchele. Alikuwa mama mmoja wa Malukhu, kule Mbale, niliyewahi kufundisha naye, na hakuzunguka: yule mzee wa treni amefariki alfajiri, wanamzika leo leo baada ya sala ya adhuhuri. Niliacha ungo mezani, nikavaa haraka, nikatoka Masese, huku Jinja, bila hata kunywa chai. Ninyi mnaosoma safu hii mnajua kwamba Waislamu hawacheleweshi maziko, na mnaijua pia barabara ya kutoka Jinja kwenda Mbale. Kabla ya kufika Iganga malori mawili yalikuwa yamegongana. Hakuna aliyekufa, lakini hakuna aliyepita pia. Nilipofika Malukhu nilikutana na wanaume wakirudi kutoka makaburini, viatu vimejaa udongo. Mtu alitumia miaka yake ya mwisho akiomba treni ya abiria irudi kati ya Jinja na Mbale, na mimi nikakosa maziko yake kwa sababu treni haipo. Yeye angecheka. Mimi nilikasirika, halafu hasira ikaisha, nikabaki nimechoka tu.

Sitamtaja jina. Wasomaji wa siku nyingi mnajua kwamba safu hii haitaji jina la mtu, awe hai au amekufa, na kila mlipouliza niliwajibu kwamba ni adabu tu. Leo nitawaambia ukweli kuhusu adabu hiyo, lakini kwanza niwaambie mzee mwenyewe alikuwa nani. Alikuwa Mnubi, mjukuu wa askari walioletwa huku kutoka Sudani enzi za wakoloni, lakini yeye hakuvaa gwanda la jeshi hata siku moja. Alikuwa gadi wa treni ya abiria. Gadi ndiye anayekaa behewa la mwisho na filimbi na bendera, na dereva haondoi treni mpaka aione bendera ya kijani. Treni ya abiria ilipokoma, alirudi nyumbani na koti lake la kaki, akaendelea kulivaa. Kwa koti lile, na kwa Kiswahili alichosema na kila mtu, nusu ya mji wa Mbale ilimwita Afande. Hakulipenda jina hilo. "Mimi si afande, bwana," alikuwa akisema. "Afande anafukuza watu. Mimi ni gadi, kazi yangu kungoja watu."

Hiyo kazi ya kungoja niliiona kwa macho yangu. Nilikuwa mwalimu kijana, nimepangiwa shule ya Mbale, na kwetu ni Masese. Mama yangu aliuza mukene, hawa dagaa wadogo wa ziwani, na kila likizo ilipokwisha tulisafiri pamoja, mimi na sanduku la vitabu, yeye na magunia yake. Treni ya kutoka Jinja ilitufikisha Tororo, tukashuka, tukaingia ile ya Mbale. Siku moja gunia la mama lilipasuka katikati ya stesheni ya Tororo. Mukene wakamwagika chini, na akina mama wote wa samaki wakapiga magoti kumsaidia kuzoa, wakati treni ya Mbale imeshapiga honi. Mkuu wa stesheni akaja mbio, saa mkononi. Gadi alikuwa amesimama kando ya behewa lake, bendera ameikunja kwapani.

"Gadi, unangoja nini?"

"Nangoja abiria, bwana."

"Abiria gani? Hawa watu ya samaki?"

"Hawa watu iko na tiketi," akasema, bila kupandisha sauti. "Na bendera iko kwa mkono yangu."

Treni haikuondoka mpaka mama alipofunga gunia, tena kwa kamba aliyopewa na gadi huyohuyo. Tulipokwisha kukaa, alipita na daftari la mizigo, akamuuliza mama jina lake ili gunia lisipotee. Mama akamtajia jina ambalo sikuwahi kulisikia maishani mwangu. Nilipomgeukia alinifinya paja. Tuliposhuka Mbale aliniambia kwa Lusoga, lugha yetu, kwamba mtu wa Kiswahili akija na daftari, unampa jina, lakini lisiwe lako. Msimcheke mama yangu. Ilikuwa miaka ya wanajeshi, na waliokuja milangoni kuuliza majina walikuja wakisema Kiswahili, na baadhi ya walioandikwa hawakuonekana tena. Mama alijua kabisa kwamba yule gadi ni mtu mwema, kamba yake ilikuwa bado kwenye gunia. Lakini woga ukishaingia nyumbani hauchagui mgeni. Nami somo lile nililishika kuliko yote niliyofundishwa chuoni, bila kujua kwamba nimelishika.

Miaka ikapita. Mama akafa, mimi nikastaafu na kurudi Masese, lakini Mbale sikuiacha, nina watoto huko. Miaka michache iliyopita nikasikia kwamba mzee ameanza kutembea na daftari jipya, kubwa, la jalada gumu. Ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika kwa mkono wake wa zamani, herufi zimesimama wima: Sisi tulioandika hapa tunaomba treni ya abiria irudi, Jinja mpaka Mbale. Kila mtu alitakiwa kujaza mambo matatu: jina, unapandia wapi, unashukia wapi. Niliuliza kwa nini hayo mawili ya mwisho. Akanijibu kwamba kutaka treni kila mtu anataka, hata mtoto anataka. Wakubwa waonyeshwe watu wenye safari.

Siku moja nilimsindikiza mpaka Wanale, kule chini ya mlima. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa mbele ya mlango wa bluu na lundo la vitunguu. Mzee akavua kofia, akamsalimia, akafungua daftari.

"Mama, hii si kitabu ya kodi. Ni ya treni."

"Treni nataka sana, Afande. Vitunguu inaozea hapa, gali hakuna."

"Basi weka jina yako, na mahali utashuka."

Yule mama aliangalia koti, akaangalia daftari, akataja jina. Mzee akaliandika vizuri. Hatukuwa tumefika mbali jirani alipomwita kwa jina jingine kabisa, naye akaitika. Mzee alisikia. Nilimwona akisikia, lakini hakugeuka nyuma. Tulipofika barabarani alinipa mimi kalamu. "Na wewe, mwalimu." Nikaandika jina la bibi yangu, nikaliunganisha na la jirani mmoja wa zamani wa Masese. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyenitisha. Nilikuwa naitaka treni ile kwa moyo wangu wote, nilikuwa nimeandika makala juu yake katika ukurasa huu huu, na mtu aliyeshika daftari nilimfahamu karibu maisha yangu yote. Mkono uliandika kabla kichwa hakijauliza.

Mzee alipeleka daftari Kampala, kwenye ofisi ambayo nayo sitaitaja. Walimpokea kwa heshima, wakampa kiti na chai. Baada ya majuma kadhaa wakamwita tena, wakamrudishia. Walikuwa wamejaribu kuwatafuta watu wake kwa vitambulisho, na wengi mno hawakupatikana. Wakamwambia hawawezi kupeleka juu maombi ya watu wasiokuwepo, alete majina ya kweli watampokea tena. Nimejaribu kuilaumu ofisi hiyo, maana kulaumu ofisi ndiyo kazi ninayoiweza, lakini nimeshindwa. Jibu lao lilikuwa la haki. Sisi ndio tuliomtuma mzee mikono mitupu huku tukimpigia makofi.

Akapitia kwangu Masese, akakaa kwenye benchi, koti limefungwa vifungo vyote ingawa jua lilikuwa kali.

"Mwalimu, wanasema watu yangu hawapo."

"Wewe ukajibuje?"

"Nikasema wapo. Mimi mwenyewe nimewaona. Wengine wamenipa maji ya kunywa."

Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, akaniomba nimsomee majina yote, moja moja, naye akawa anaweka alama ya penseli pembeni. Huyu ni bandia, huyu ni wa kweli, huyu namjua kwa sura. Alikuwa anawakumbuka wote, alama za mashavuni, mbwa waliombwekea. Nilipofika kwenye mstari wangu nilishusha sauti, nikasoma haraka. Akasema, "Ngoja." Nikangoja. Penseli yake ikabaki hewani, kisha akasema, "Haya, endelea na ya mbele." Ningeweza kusema pale pale. Tulikuwa wawili tu, na ingechukua neno moja. Badala yake niliinuka kwenda kumwongezea chai, nikijiambia kwamba siku bado ziko. Baadaye nilisikia ameanza kuzunguka tena, sasa kwa mkongojo, na kwamba miguu inavimba. Sikwenda kumwona. Kisha ikaja ile simu.

Pale msibani nilikaa mkekani pamoja na wanawake wengine. Binti yake, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuja na kitu kilichofungwa kwenye kanga. "Baba alisema mwalimu akija apewe hii." Lilikuwa daftari. Nikalifungua, na mwanzoni sikuelewa nilichokuwa nakiona. Pembeni ya majina yetu ya bandia, kwa penseli, herufi zimeanza kutetemeka, alikuwa ameandika majina ya kweli. Yule wa mlango wa bluu alikuwa na jina lake. Mshona viatu wa karibu na soko alikuwa na lake. Alikuwa amerudi kwa kila mmoja, na binti yake akaniambia alivyofanya: hakumwambia mtu kwamba ulinidanganya. Alikaa tu, akaongea juu ya treni, akataja jina lake yeye na la baba yake na la babu yake askari, akanyamaza. Wengine walisema siku hiyo hiyo. Wengine alirudi mara tatu.

Nikatafuta mstari wangu. Jina langu alilijua tangu nikiwa na sanduku la vitabu, alikuwa nalo kichwani siku ile aliposema ngoja. Hakuliandika. Pembeni palikuwa na maneno haya tu: Mwalimu, mtoto wa mama wa mukene. Anapandia Jinja, anashukia Mbale. Ataandika mwenyewe.

Nililia, na wanawake wakadhani namlilia marehemu, wakanishika mabega. Nikamwomba binti kalamu. Nikaandika majina yangu yote matatu, na namba ya kitambulisho, haraka kama mtu anayeiba.

Sasa mnajua kwa nini safu hii haitaji majina. Si adabu. Ni kile kidole cha mama kinachonifinya paja mpaka leo, ingawa wanaume waliomtisha wamekwisha kufa au wamezeeka na kuwa wazee wa mtaa kama sisi. Sidhani niko peke yangu. Tunataka barabara, tunataka dawa hospitalini, tunataka treni, na tunalalamika vizuri sana tukiwa sebuleni kwetu. Daftari likifika mlangoni tunatafuta jina la mtu mwingine la kuomba kwa niaba yetu, halafu tunashangaa kwamba hatukupewa. Na yule mmoja anayekubali kubeba maombi tunamwacha aonekane mwongo. Woga wetu ulikuwa na sababu, siufuti. Lakini ulipaswa kuwaangukia waliotutisha, na sisi tukambebesha gadi.

Siwezi kuwaahidi kwamba treni itarudi. Treni ya mizigo ikipita nasikia honi yake nikiwa jikoni, na sigeuki tena. Nina umri wa kutosha kujua kwamba daftari lililojaa majina ya kweli laweza pia kuwekwa kabatini likasahauliwa. Magoti yananiuma, na Masese ina vichochoro vingi. Hata hivyo daftari liko kwangu, bado lina kurasa tupu, na kesho nitaanza na nyumba iliyo mkono wangu wa kulia. Nikifika kwako usiogope, hata nikisema Kiswahili. Sitakuuliza jina kwanza. Nitakutajia langu, kisha nitangoja.