Kamba Isiyo na Dawa

Miaka ile biashara ilipofunguliwa, maduka ya Lindi yalijaa plastiki za kila rangi. Mimi nilikuwa nimerudi kwetu Sudi baada ya kupunguzwa kazi kwenye kiwanda cha ndoo na kamba huko Dar es Salaam. Nilimkuta dada yangu mkubwa naye amerudi. Alimkimbia mumewe huko Mtama, aliyekuwa akimpiga. Baba alikubali akae kwa sharti moja: ajilishe mwenyewe, akishindwa arudi kwa mumewe. Ndipo akaanza kulima mwani.

Siku moja maji yamekupwa nilimfuata shambani. Kamba zake za buluu zilikuwa zimevutwa kati ya mambo, vile vigingi vya kukita mchangani, mwani umefungwa juu yake, bado mchanga lakini umeshika vizuri. Nikaisugua kamba moja. Ikaniachia unga mkavu kiganjani.

"Dada, kamba hii haina dawa."

Jirani yetu, aliyekuwa ameinama kwenye shamba la pili, akacheka. "Kumbe siku hizi hata mwani unarogwa? Haya mganga, taja ada yako tuchange."

Dada hakucheka. "Dawa gani? Unayo?"

Nikamweleza taratibu. Plastiki huja kiwandani ikiwa punje, ikayeyushwa kwa moto mkali. Humo tulichanganya vitu viwili, vyote tukiviita dawa. Kimoja huikinga isiungue ndani ya mashine. Cha pili huikinga na jua huko itakakokwenda. Ukiacha cha kwanza, mali huharibika hapohapo na hasara ni ya mwenye kiwanda. Ukiacha cha pili, kamba hutoka inang'aa vilevile, ikaja kufa mikononi mwa mnunuzi.

"Basi tuipake sasa."

"Haipakwi, dada. Huingia wakati wa kuyeyusha tu."

"Hata tukiichemsha nayo?"

"Hata tukiichemsha."

Akaitazama mistari yake yote mpaka mwisho. Kuvuna hakukuwezekana, mnunuzi hachukui mwani mchanga. Kamba nyingine hatukuwa na uwezo wa kununua. Nikamwambia asikate tamaa, tukasokota kamba za makumbi, tukaziunga pale palipochakaa zaidi. Jirani yule yule akaja kutusaidia, bila utani. Nilijua hazitoshi. Niliendelea kumtia moyo kwa sababu sikuwa na kingine cha kumpa.

Bamvua lilipokuja na maji yake makubwa, kamba zikakatika. Mwani tuliukuta umenasa kwenye mikoko, umechanganyika na matope, umeanza kulainika. Dada aliokota aliouweza, akaanika. Karani wa mnunuzi akaugeuza kwa mguu, akapita.

Baba hakumgombeza. Alituma tu mtu Mtama.

Shemeji alifika asubuhi, amevaa shati safi. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwenzio yumo ndani anafunga mzigo."

Nikaingia kwa dada. "Ngoja kidogo," nikasema. "Nitakwenda Lindi, nitazitafuta kamba nzuri. Nazijua."

"Watafutie wale waliobaki," akasema, akakaza fundo la mzigo wake.

Nje shemeji akaupokea ule mzigo, akajitwika mwenyewe, akitabasamu mbele ya majirani. Dada akamfuata nyuma kuelekea barabarani, kwenye lori.