Eti Sauti za Mashabiki

Siku mwali anatolewa, hapa kwangu Bigwa, tulikuwepo mimi, mdogo wangu, tuliyetoka naye tumbo moja, binti yangu ambaye ndiye mama yake mwali, mwali mwenyewe, kaka yake, yaani mjukuu wangu, na wenzake watatu wa bendi, na wanawake, majirani pamoja na wa ukoo wetu walioshuka kutoka Mgeta. Majina ya wote ninayo kichwani.

Bendi ya mjukuu wangu inapiga roki, magitaa yanaunguruma kama mashine ya kukoboa. Albamu yao ya kwanza waliirekodi studio, Dar, kila mmoja kafungiwa na chombo chake. Haikwenda popote. Hata redio za hapa mjini hazikuipiga. Ndipo akaniambia, "Bibi, kwenye ngoma ya dada tutarekodi laivu, watu wasikie tunavyopiga mbele za watu."

"Haya mume wangu," nikamjibu, "ila msimzibe mwali masikio."

Wakapiga. Ukafika wimbo wetu wa kumpokea mwali, wameutia magitaa. Mdogo wangu ndiye aliyeuinua. Katikati, umeme ukakatika. Spika kimya, vijana wanatazamana. Mdogo wangu hakungoja mtu. Akaendelea, sisi tukamwitikia kwa makofi na vigelegele, na mpiga dramu, maana dramu haitaki umeme, akatufuata taratibu. Tuliimba mpaka kanga zikalowa jasho. Umeme uliporudi, magitaa yakaingia kwa kishindo juu ya sauti zetu. Kinasa sauti chao cha betri kilikuwa kinameza yote.

Hapo ndipo bendi ilipoinukia, msidanganywe. Albamu hiyo ya laivu ikapigwa kila redio, na kipande wanachokirudiarudia ni kile kile cha umeme kukatika. Wakaitwa Dar, wakaitwa Arusha. Watangazaji wanasema bendi ina moto. Moto wa nani?

Mdogo wangu aliisikia sauti yake kwenye redio ya bajaji, akitoka sokoni. Akamwambia dereva, "Huyo anayeimba ni mimi."

Dereva akacheka. "Wewe bibi, roki? Kesho utasema na gitaa ni lako!"

Alifika kwangu akakaa jikoni, hakutaka hata chai. Nikamwambia mwali wetu anisomee kwenye simu kilichoandikwa kuhusu albamu. Akasoma majina ya vijana wanne, la fundi mitambo, mpaka la aliyewakodisha spika. Kisha: "Sauti za mashabiki."

Mashabiki! Mwanamke aliyembeba mtoto yule mgongoni mama yake akiwa shamba, leo ni shabiki wake!

Mjukuu wangu alipokuja kunisalimia, "Shikamoo bibi," niliitika marahaba tu, sikumwita mume wangu. Nikamuuliza majina yetu yako wapi.

"Bibi, mlikuwa wengi. Majina hayaenei."

Nikayataja yote, mmoja mmoja, na ya mama zao. Wenzake mlangoni wakaangua kicheko. "Bibi ana memori kadi!" Yeye akasema basi wataandika "akina mama wa Bigwa". Kama fungu la mchicha! Nikamwambia majina yao vijana wa bendi na mimi sitayataja popote. Ndiyo maana hamyaoni hapa. Na ya wanawake siyaandiki mpaka yaandikwe kwanza kule yanakostahili.

Wakapanga laivu ya pili, huko Mgeta, kwenye ngoma ya mwali mwingine wa ukoo. Tulipanda kwa ajili ya mtoto, tukamcheza vizuri asubuhi kwa ngoma zetu wenyewe. Mchana bendi ikafunga spika. Ulipofika wimbo ule, wakazima magitaa makusudi, eti umeme umekatika, wakatunyooshea maikrofoni.

Hakuna aliyefungua mdomo. Dramu ikadunda peke yake, mpaka kuku wakasikika.

"Bibi, vipi? Tunarekodi!" mjukuu wangu akasema, jasho linamtoka.

Mdogo wangu akamjibu pale pale alipokaa, "Rekodi tu, mjukuu wangu. Mashabiki tunasikiliza."

Albamu hiyo mpaka leo haijatoka, wala sina huruma. Sasa nasikia huko mjini vijana wanasema eti baadhi yetu waliitikia kwa chini, ila maikrofoni zilikuwa mbovu. Mimi nilikaa mbele, nikawageukia wote. Aliyekuwepo akaona mdomo hata mmoja ukicheza, aje anisahihishe. Mimi sikuuona.