Nilivyoyasingizia Maharage

Kwa miaka miwili tumbo liliniwaka moto kila Jumapili. Nilisafiri kutoka Mtae hadi Lushoto, daktari akanikataza maharage na pilipili, nikatii kama mjinga. Hakuniuliza nakula na nani. Nilikuwa nakula kwa mama pamoja na kaka yangu mkubwa, yule aliyeng'oa masale, mimea ya kuonyesha mpaka, akamega shamba nililoachiwa na baba. Kila tukitoka kanisani nilimwamkia, naye aliitikia marahaba huku akitabasamu.

Jumapili moja nilimpita kimya, nikaketi, nikajipakulia maharage. Mama akasema sina adabu. Nilimaliza sahani mbili, na tumbo halikuuma hata kidogo. Miaka miwili mizima niliyasingizia maharage, huku mwizi nikimpa shikamoo.