Mkono Uliobaki Mezani

Tangu alipoingia nchi ile na mama yake na mabegi mawili, mwanamke huyu hakuwahi kutulia. Watu wa mtaani wakambatiza Kiguu na Njia, na jina likamganda. Kwao, kabla vita havijawakimbiza, alikuwa amesimama mbele ya mahakimu kama wakili kwa miaka sita. Huku shahada yake waliitazama, wakamrudishia, wakamwambia aanze upya. Basi asubuhi akawa anapiga deki korido za hospitali, na jioni anajisomea sheria za wenyeji, akirudia vifungu kwa sauti huku akizunguka meza ya jikoni, mpaka mama yake akalalamika kwamba anamtia kizunguzungu.

Mwaka wa nne akafaulu mtihani wa uwakili. Alipanga chumba juu ya duka la fundi viatu, akaweka meza moja na viti vitatu, na wageni wenzake wakaanza kupanda ngazi: huyu kafukuzwa nyumba, yule kibali kimekwisha muda, mwingine kaletewa barua asiyoielewa. Kesi nyingi alishinda. Lakini kila alipomrudisha mpangaji mmoja nyumbani kwake, wiki iliyofuata walimjia watano wenye barua ile ile, neno kwa neno. Akaona anakausha sakafu huku bomba limeachwa wazi. Chama kimoja kilipomtaka agombee udiwani, hakujiuliza mara mbili.

Kwenye kampeni walimcheka matamshi. Akakiri kwamba kweli anatamka vibaya, ila mikataba anaisoma vizuri. Akapita kwa kura kumi na tisa.

Mwaka wa pili wa udiwani wake, halmashauri ilileta hoja ya kubomoa mabweni ya kiwanda kilichofungwa, ambamo familia za wageni zilikuwa zikiishi. Kabla ya kikao, mwenyekiti wa chama chake alimvuta pembeni. Alikuwa mtu mpole, na hata siku hiyo alisema kwa upole.

"Mheshimiwa, ukinyoosha mkono wewe, hakuna atakayesema tunawaonea wageni."

Hapo ndipo alipojua kwa nini walimpokea kwa bashasha vile. Alishuka ngazi, akapanda, akashuka tena, mwishowe akampigia mama yake simu na kumweleza yote. Mama akauliza kama kukataa kutampotezea kiti. Akasema huenda.

"Mimi ni mama yako, nitakwambia ukae salama," mama akasema. "Kwa hiyo usiniulize mimi."

Kura ikaitishwa. Mikono ya wenzake wa chama ikapanda, wake ukabaki mezani. Hoja ikaanguka kwa kura moja. Mwenyekiti alikusanya makaratasi yake polepole, wala hakumtazama.

Chama kikamtema. Uchaguzi uliofuata alisimama peke yake, akaanguka vibaya, na waliompongeza kwa ushujaa wake wengi wao hawakuwa na haki ya kupiga kura. Hilo lilimuuma kuliko kushindwa kwenyewe. Mabweni yalibaki wima, ingawa mapaa yalivuja, na mama akadhani sasa binti yake atapumzika.

Miezi mitatu haikupita, akaishtaki halmashauri ile ile alimokuwa akikaa, ili iezeke mapaa hayo. Kesi ilipoahirishwa kwa mara ya tatu, alitoka mahakamani moja kwa moja akaenda kuchukua fomu ya kugombea tena udiwani.