Alama za Mapajani

Nilipovunja ungo, miguu yangu ilianza kunenepa kuanzia nyonga mpaka kwenye vifundo, ikaishia hapo. Nyayo zikabaki nyembamba, utadhani nimeazima za mtu. Kariakoo, ninakouza vitenge, wabeba mizigo hunipisha kwa mbwembwe: "Pisheni mguu wa bia huo!" Na mimi hucheka, maana nikinuna nitauza saa ngapi? Lakini sifa hizo sikuzitaka. Nilijinyima wali, nikajinyima chapati, uso ukasinyaa na miguu ikabaki palepale. Iliuma hata mtoto akinikalia. Robota la vitenge likinigusa kidogo tu, kesho yake damu imevilia, doa jeusi.

Mume wangu aliyazoea madoa hayo. Ni mtu mpole. Hata kuku wa Krismasi humwita jirani amchinjie.

Nilipojifungua mtoto wetu wa kwanza, mama mkwe alishuka kutoka Moshi kuja kunilea, na mkungu mzima wa ndizi za mtori. Asubuhi ya kwanza alinikanda kwa maji ya moto. Alipofunua khanga mapajani, mkono wenye taulo ukasimama.

"Ni yeye?" akauliza.

"Hapana, mama. Ni marobota ya dukani. Mimi navilia damu upesi tu."

"Mimi nilikuwa nasema nimeanguka mgombani," akasema, akaendelea kunikanda polepole.

Baba mkwe, ambaye sikumkuta hai, alikuwa mpigaji. Ukoo mzima ulijua. Kadiri nilivyokana ndivyo mama alivyozidi kuamini kwamba namficha mwanawe, kwa sababu kila neno langu alishalisema yeye mwenyewe zamani. Jioni mume wangu aliporudi, mama hakuitikia shikamoo yake.

"Nimekulea kwa mikono hii," alimwambia, "na bado umetoka kama baba yako."

Mume wangu alinigeukia. "Mwambie basi!"

Nikamwambia tena, nikaapa. Mama alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniudhi kuliko tusi.

Alirudi Moshi kabla sijatoka uzazini. Akipiga simu, alizungumza na mimi tu. Baadaye akaugua, mume wangu akaenda kumuuguza, na huko huko tukazika. Tuliporudi nyumbani, mume wangu hakusema mengi, na mimi sikumchokonoa.

Mwaka jana, daktari mmoja wa kike huko Posta alinibonyeza miguu yote miwili, akatazama nyayo, akauliza kama mama yangu na shangazi zangu wako hivi. Akasema ni lipedema: mafuta hujikusanya isivyo kawaida chini ya ngozi, mara nyingi ni ya kurithi, si ulafi, wala si matende. Mwenye nayo huvilia damu hata kwa kuguswa kidogo. Haiponi, lakini soksi za kubana na mazoezi hupunguza maumivu. Nililia mbele yake, kwa sababu hatimaye nilikuwa nimeaminiwa.

Nyumbani nilimweleza mume wangu. Akaniomba nirudie pale pa damu kuvilia. Nikarudia.

"Siku ya mwisho kule hospitali," akasema, "niliinua mkono nimwekee mto vizuri. Mama akajikinga uso."