Flenji Sita za Bi Mkubwa wa Miono

Shule niliishia darasa la nne, na sijutii. Wenzangu waliofika mbali leo wananiletea magari yao, wanasimama pembeni na funguo mkononi, mimi nimelala chini ya gari naamrisha: washa, zima, kanyaga mafuta. Sasa mwalimu hapo ni nani? Karakana yangu iko Bagamoyo, kando ya barabara inayokwenda Msata, na ukiulizia fundi wa ekzosi utaelekezwa kwangu hata na watu wanaonichukia. Hao ndio huelekeza vizuri zaidi, maana wameshakuja.

Asiyejua flenji nimweleze. Ni kipande cha bamba nene la chuma, kina tundu kubwa katikati la kupitisha moshi na matundu madogo pembeni ya bolti. Bomba mbili za ekzosi zinapokutana, kila moja huvaa flenji yake, zikakutanishwa uso kwa uso na kubanwa. Flenji ikipinda unene wa kucha, moshi unatoka. Basi, kazi yote ni hiyo. Nimeieleza kwa maneno machache, lakini imenijengea nyumba na kuniozea binti wawili.

Kisa ninachotaka kukisimulia kilianza Jumatatu, alipokuja bi mkubwa wa Miono. Huyu ni mama wa makamo ya dada yangu mkubwa, ana mashamba ya mananasi na malori matatu, na malori hayo yalikuwa nusu ya kazi zangu za mwaka. Yeye si tajiri wa kukaa nyumbani. Lori likipakia mananasi kwenda Dar, yeye yuko mbele na dereva, mkoba mapajani. Ndiyo maana ekzosi ikivuja hahitaji kuambiwa na mtu.

"Shikamoo bi mkubwa."

"Marahaba. Nusa hii." Akanyoosha mkono, akanipa ncha ya baibui lake.

Nikanusa. Ulikuwa moshi wa dizeli mtupu.

"Jumamosi nimekwenda arusini," akasema. "Mama mmoja kaniuliza kama siku hizi nauza mkaa. Mbele za watu. Sasa nisikilize, fundi. Hizo flenji zako zimekwisha, zote sita. Ijumaa baada ya swala nakuja kuchukua lori. Nikisikia moshi tena, malori yangu yote matatu yanahamia Msata. Mimi nikitoka Miono nafika kwa yule fundi wa Msata kabla sijakufikia wewe. Nimekuwa nampita kwa heshima yako tu."

Palikuwa na watu pale: dereva wake, wateja wawili, na mama muuza mihogo wa jirani aliyekuwa ameacha kukaanga ili asikie vizuri. Mtu kama mimi akisemwa hivyo mbele ya mihogo, lazima ajibu.

"Bi mkubwa," nikasema, "hizi flenji zako nitazikata kwa mwanga."

"Kwa nini?"

"Kwa mwanga. Kuna mashine Dar, inaitwa leza. Haigusi chuma, inakimulika tu."

Muuza mihogo akacheka wa kwanza. Dereva akasema, "Fundi sasa anakata chuma kwa tochi." Bi mkubwa hakucheka. Akanitazama, akapanda lori jingine, akaenda zake.

Nisidanganye, kabla ya kutamka lile neno nilikuwa nimeshapima kichwani njia zote. Mimi huwa napima haraka, watu hudhani nabahatisha. Njia ya kwanza ni ya marehemu bwana wangu aliyenifunza: unatoboa matundu madogo mengi kuzunguka duara, unayakata na patasi, unamalizia na tupa hadi mkono ufe ganzi. Inatoa flenji safi, lakini moja tu kwa nusu siku, na mimi nilitakiwa sita pamoja na kuzifunga. Njia ya pili ni gesi, anayotumia yule wa Msata. Gesi ina kasi, sikatai, lakini moto wake unalipinda bamba, na kingo zinabaki kama mkate uliotafunwa na panya. Flenji zake zinahitaji gasketi mbili mbili ili zinyamaze. Ya tatu ni plazma, mashine inayokata kwa cheche za umeme. Hiyo inapenda umeme uliotulia, na umeme wa upande wetu hautulii. Ukishuka, plazma inakohoa katikati ya duara na bamba limeharibika. Grenda kwa mstari ulionyooka hakuna mfano wake, ila duara la ndani haijui.

Ikabaki leza. Nilikuwa sijaiona ikifanya kazi hata siku moja. Niliwahi kuona kipande kilichokatwa nayo, kimenyooka kama kimekatwa kwa wembe, na hapo hapo nikajua kwamba ni mashine ya hadhi yangu.

Mwenye kuiendesha namfahamu. Ni Mnyamwezi, kasoma chuo, ana kompyuta inayochora, na kwa kuwa mimi ni Mkwere sisi ni watani, kwa hiyo hakuna adabu kati yetu na haitakiwi. Nikamwandikia ujumbe kwa simu. Nikampa kipenyo cha duara, unene wa bamba, ukubwa wa tundu la kati, yote kwa milimita. Kisha nikaandika hivi, kwa mkono wangu mwenyewe: "Matundu 3 ya bolti, saa 2, saa 6, saa 10. Chini kata bapa."

Hapa nieleze. Bwana wangu hakuwa na vipimo vya pembe. Alikuwa na saa ya ukutani, na matundu yote alitufundisha kwa saa. Saa sita mshale mfupi uko juu kabisa: tundu la kwanza. Saa kumi umeshuka chini kulia: la pili. Saa mbili uko chini kushoto: la tatu. Hapo umepata matundu matatu yaliyoachana sawasawa, moja juu na mawili chini. Na ile bapa ya chini, yaani kuondoa kipande cha mviringo ili ukingo unyooke, inakaa katikati ya yale mawili, kwa sababu kwenye lori lile flenji inapita karibu mno na chesisi na ikiwa duara kamili inagonga. Nimefunga ekzosi kwa saa hizo miaka yangu yote. Mtani akajibu, "Imeeleweka."

Alhamisi asubuhi mzigo ukaja kwa basi. Nikafungua boksi mbele ya muuza mihogo, kwa makusudi. Zilikuwa nzuri ajabu, sita, zinang'aa, hata kucha haikwami ukingoni. Muuza mihogo akashika moja, akaigeuza.

"Mbona hii ina pengo?" akauliza.

Nikaichukua. Chini, pale penye bapa, palikuwa na tundu la bolti lililokatwa nusu, limebaki kama mwezi mwandamo. Nikatazama ya pili. Mwezi. Ya tatu, mwezi. Sita zote.

"Ni mtindo mpya," nikamwambia, nikazirudisha ndani ya boksi taratibu, nikaingia stoo kupiga simu.

"Mtani, umekunywa kazini?"

"Asalaam aleikum kwanza."

"Waaleikum salaam. Umekunywa?"

"Nimekata ulichoandika. Umeandika mbili, nimeweka kwenye mbili. Umeandika sita, nimeweka kwenye sita. Kumi kwenye kumi. Nina ujumbe wako hapa."

"Saa mbili asubuhi mshale mfupi unakuwa kwenye namba ngapi?"

"Nane."

"Basi."

"Sasa si ungeandika nane."

"Saa nane ni baada ya adhuhuri, mtani, watu wamekula."

"Nyie Wakwere saa mnaiangalia ili mle tu. Kompyuta haijui chakula, inajua namba."

"Babu zako walikuja hapa Bagamoyo na meno ya tembo kichwani hawajui hata saa ni mdudu gani."

"Na babu zako wakawauzia maji. Mtani, nikukatie nyingine?"

"Lini?"

"Jumatatu. Nina foleni."

Nikakata simu. Sasa msomaji atazame alichofanya yule bwana. Matundu yote matatu alikuwa ameyapindua, la juu likawa chini, huku bapa ikibaki chini palepale. Ukiigeuza flenji, matundu yanakaa pake, lakini bapa inapanda juu na tundu lake bovu, na chini panabaki mviringo unaogonga chesisi. Ukiirudisha, unapata ubaya ule ule kwa mpangilio mwingine. Na bi mkubwa anakuja kesho baada ya swala.

Nikakaa juu ya ndoo nikaigeuza moja mkononi, juu, chini, juu, chini. Hapo ndipo unapomjua fundi. Kipande kinachozidi chini ni sawasawa kabisa na kipande kinachopungua juu. Duara lilelile, bapa ileile. Kwa hiyo nikaigeuza, nikachukua grenda, nikakata chini mstari ulionyooka, kipande kikadondoka kama ganda la chungwa. Nikakiokota, nikakipandisha juu, kikakaa kwenye bapa mbovu kana kwamba kimezaliwa pale. Nikasaga kingo zote mbili upande na upande ili weld iingie hadi moyoni, nikachomelea mbele na nyuma, nikaacha ipoe polepole isipinde, nikasawazisha uso, nikatoboa tundu upya kwenye drili. Ya kwanza ilinichukua saa moja. Ya sita ilinichukua muda wa kuvuta sigara, kama ningekuwa navuta.

Ijumaa nilipotoka msikitini lori lilikuwa limefungwa ekzosi, flenji sita, zote nimezipiga rangi ya fedha ya kustahimili joto. Rangi hiyo huficha mambo mengi. Haikuficha kwa bi mkubwa. Alifika, akajifunga kanga kiunoni juu ya baibui, akainama mwenyewe chini ya lori, jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu wa heshima yake.

"Hili kovu la nini?" sauti yake ikatoka chini.

"Hapo ni pa kupumulia joto, bi mkubwa."

"Chuma kinapumua?"

"Kikipata moto kinahema."

Akatoka, akajipangusa mikono, akamtazama dereva wake. "Wewe baki. Fundi, shika usukani. Panda."

Alipofunga mlango akapandisha kioo chake hadi juu, akaniamuru nipandishe na changu. Ilikuwa saa nane kasoro, jua liko utosini, ndani ya lori lisilo na kiyoyozi. Tukashika barabara ya Makurunge. Yeye hana shida, ameshazoea baibui na joto. Mimi kanzu ya Ijumaa ilikuwa imenishika mgongoni kabla hatujamaliza nyumba za mji. Kila baada ya muda anavuta pumzi kwa pua, ndefu, kama anayenunua karafuu. Mimi nikawa nanusa naye kimyakimya. Harufu ya mananasi ilikuwepo. Harufu ya jasho, yangu. Moshi sikuusikia, lakini mwoga husikia hata kisichokuwepo.

"Nataka habari ya lile kovu," akasema tulipopita kilima. "Ukinieleza ukweli, nashusha kioo. Usiponieleza, tunakwenda hivihivi hadi Msata, nikuache kwa fundi mwenzio akupe maji."

Nikamweleza. Nikamweleza saa mbili, saa sita, saa kumi, mtani na kompyuta yake, kipande cha chini kilichohamia juu. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akainamia mkoba, akawa anasema tu, "Umempangia bolti kwa saa, mtoto wa watu. Umempangia saa." Kioo hakushusha hadi alipomaliza, maana alisahau. Tukageuza Makurunge.

Tuliporudi karakana alishuka, akainusa tena ncha ya baibui lake mbele ya wale wale, akaiachia.

"Moshi sijausikia," akasema. "Malori yanabaki hapa."

Nikamtazama muuza mihogo. Akajifanya anageuza mihogo.

"Lakini lile jingine litakuja Jumatatu," bi mkubwa akaendelea, "na flenji zake sitaki mwanga wako. Zikate kwa mkono, kama zamani. Nataka nione kazi ya mtu."

"Hewala, bi mkubwa."

Sasa hebu fikiri nawe. Sita nyingine, nusu siku kila moja, na vumbi la tupa puani. Nilichukua flenji ya zamani, nikaiweka juu ya boksi la sabuni, nikaizungushia penseli, nikakata mchoro kwa mkasi, matundu na bapa na kila kitu. Sikuandika saa, sikuandika hata herufi. Nikautia kwenye bahasha, nikaituma kwa basi. Mtani alinipigia akauliza kama sasa tumehamia kwenye lugha ya maboksi. Nikamwambia amulike na anyamaze.

Zilirudi Jumatano, safi, bila kosa. Safi mno, na hapo ndipo palipokuwa na shida, kwa hiyo nikazifunga kwenye jiliwa moja moja, nikachukua tupa yangu ya zamani yenye meno makubwa, nikazikwaruza kingo, nikazigonga nyundo hapa na pale, nikazipaka oili chafu. Bi mkubwa alipokuja alizishika, akapitisha kidole ukingoni polepole, akamwonyesha dereva wake kwa fahari.

"Unaona?" akamwambia. "Unaona mkono wa mtu ulipopita?"

Nami nikaitikia kwamba anaona sawasawa. Wala sikusema uongo. Mkono ulipita kweli, asubuhi nzima, kuziharibu.