Betri za Siku za Giza

Mimi ni mtu wa Dodoma. Mwezi sikuwahi kuujali mpaka nilipokuja kufundisha fizikia Rumonge, mji wa ziwani kusini mwa Bujumbura, nikawa mtu wa kukodolea mbingu macho kila jioni kama mwehu. Shule yetu binafsi ilikuwa na ubao, chaki, na kipimavolti kimoja nilichokificha kwenye sanduku langu la nguo. Umeme tulikuwa tunauchora tu.

Kisha nikajifunza mambo ya wavuvi wa ndagala, ambao kwetu ni dagaa. Huwavuta samaki kwa taa za betri. Mwezi ukiwaka taa hazifui dafu, basi mitumbwi inapumzika, na betri nazo zinapumzika. Nikaanza kuziazima. Wakati wa mbalamwezi nafundisha umeme, wakati wa giza narudi kwenye joto na mwanga. Direkta wa shule alinuna kwa sababu ratiba yake ilisema vingine. Nilinuna zaidi yake, akaniacha.

Ndipo ikaja habari kwamba enspekta wa elimu anakuja, na asipoona kwa macho yake majaribio ya umeme, sehemu ya sayansi inafungwa. Nikahesabu siku za mwezi. Giza tupu!

Wenye uwezo wangehamia Bujumbura. Lakini kichwa cha darasa langu alikuwa msichana ambaye hakuwa na ndugu huko wala njia ya kuishi huko. Alitaka kusomea umeme. Sehemu ikifungwa, angerudi kuanika ndagala na mama yake, na habari ingeishia hapo. Baba yake ndiye mwenye mtumbwi ninaoazima betri zake.

Nikamfuata ufukweni, anashona wavu.

"Amahoro, mzee. Nina shida ya betri."

"Mwalimu, mu giza? Mu giza ndiyo tunakula." Hakuinua macho. "Asubuhi tukirudi nitaleta. Lakini zitakuwa zimechoka."

Sikuweza kubishana naye. Giza halidumu, na mtumbwi ule ulilisha nyumba yake na za wenzake. Lakini nilikasirika, nikawakasirikia enspekta, mwezi na ziwa lenyewe. Wiki ile sikukaa kitini. Nilikula nimesimama, nikasahihisha madaftari nikizunguka meza. Mara mbili nilifunga begi langu la kurudi kwetu, mara mbili nikalifungua kutafuta soksi.

Mwishowe nikaamua uchovu wenyewe uwe ndio somo. Nikawafundisha wanafunzi kwa nini betri iliyofanya kazi usiku kucha inashuka volti na taa zinafifia. Msichana yule ndiye angepima na kueleza. Alikariri maelezo yale mpaka nikamwambia anyamaze.

Siku yenyewe baba yake alikuja akisukuma baiskeli, betri zimefungwa nyuma kwa mpira. Alizishusha, akabaki nje. Enspekta alikaa dawati la nyuma, saa mkononi.

Msichana akaunga nyaya. Taa iliwaka ikatuumiza macho. Darasa likapiga makofi, nami nikaganda, maana hatukujiandaa kwa mwanga. Akaweka kipimavolti. Volti kumi na mbili na ushei. Akasoma, akasoma tena, maelezo yote aliyokariri hayakufaa tena.

"Eh, mademoiselle," enspekta akasema. "Hiyo volti inatuambia nini?"

Nilitaka kumjibia. Niliuma ulimi.

"Inasema batri imejaa," akasema polepole. "Iko na maana kwamba usiku haikufanya kazi." Akatazama mlangoni, baba yake alikokuwa nje. "Inasema papa hakuenda kuvua."

Enspekta aliivua miwani, akaifuta, kisha akamwomba aunge taa ya pili, na ya tatu, akamuuliza maswali magumu kweli kweli. Yote akayajibu. Kabla ya kuondoka, enspekta alimwambia direkta mbele yangu kwamba sehemu ya sayansi haifungwi.

Nilitoka mbio kumtafuta baba mtu. Alikuwa bado ameegemea baiskeli yake juani. Nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili.

"Murakoze, mzee. Murakoze sana."

Akaniitikia kwa kichwa, akachungulia darasani.

"Zimebaki na nguvu?"

"Zimebaki."

"Sawa," akasema. "Basi leo tunaenda."